Mchumba Apiganaye Barafuni

Kasulu. Nilikuwa nimealikwa Sydney kuwasomea vijana wa Kiafrika sura moja ya riwaya yangu katika maktaba ya Fairfield, nami nikadhani safari ile ni ya fasihi. Baba mkubwa aliiona vingine. Jioni ya kuniaga alinivuta kando, mbali na moshi wa nyama.

"Evelina, binti wa shangazi yako Yosefina, ana mchumba," alisema. "Mzungu wa Kanada. Shangazi yako anatuma picha, na katika picha zote kijana amefunga mdomo. Nenda ukamtazame."

"Nitazame nini, Baba mkubwa?"

"Mkono. Nataka kujua kama anapiga."

Sikucheka. Shangazi Melania, mdogo wa mwisho wa Baba mkubwa, aliolewa na mtu aliyesifiwa na mtaa mzima kwa upole, kisha akarudi nyumbani na mkono ndani ya plasta. Tangu hapo Baba mkubwa hakubali posa ya binti yeyote wa ukoo kabla mmoja wetu hajamwona mposaji akiwa amekasirika. Babake Evelina, Mrundi ambaye Shangazi Yosefina alimpata katika kambi ya wakimbizi, alifariki wakiwa wameshahamia Australia. Kwa hiyo neno la mwisho lilibaki kwa mjomba wake, yaani Baba mkubwa, na mjomba alikuwa ananitazama mimi.

"Wewe unatunga watu kila siku," akamalizia. "Wa kweli hawezi kukupita."

Sydney, asubuhi. Ilikuwa Juni, majira ya baridi kwao. Jua lilikuwa linawaka bila kupasha chochote joto, kama taa iliyosahauliwa mchana. Shangazi Yosefina alinipokea akiwa amevaa sare ya nyumba ya kutunzia wazee anakofanya kazi, maana alitoka shifti ya usiku moja kwa moja. Alinikumbatia, akanivisha koti la marehemu mumewe, ndipo akaniuliza habari za nyumbani. Evelina alibeba begi langu. Anakielewa Kiswahili chote, hata cha mafumbo, lakini hujibu kwa Kiingereza. Hapa nitamwandika kwa lugha yetu, yeye na mchumba wake.

Ndani ya treni ya kwenda Rooty Hill niliuliza mkwe anafanya kazi gani. Shangazi aliyatazama mapaa ya vigae yakipita.

"Sekyuriti," alisema.

"Mama, usimdanganye kaka," alisema Evelina. "Darren anacheza hoki ya barafuni."

"Na wenzake wakionewa ni nani anawatetea? Si yeye? Basi hiyo ni sekyuriti."

Rooty Hill, jioni ile ile. Darren alikuja kula. Aliinama mlangoni ili asigonge kichwa, akanipa mikono yote miwili, akasema shikamoo ingawa tulikuwa rika moja. Nikajibu marahaba kwa mshtuko. Alipotabasamu nilielewa zile picha: mbele hakuwa na meno, palikuwa na lango tu. Vifundo vya vidole vyake vilikuwa vimevimba kama tangawizi. Baada ya chakula aliosha vyombo vyote na kuipangusa hata sinki. Nilijaribu kuweka vitu hivi viwili ndani ya mtu mmoja, sinki lile na vidole vile, vikakataa kukaa pamoja.

"Kesho njoo uone kazi yangu," aliniambia akivaa koti.

Jumamosi, ukumbi wa barafu. Tulipelekwa na Njoroge, jirani wa Shangazi, nesi kutoka Nakuru ambaye ameupenda mchezo huu kuliko Wazungu wenyewe. Mzee Salvatori naye alikuja, mzee wa kanisa la Warundi, ili pawe na shahidi wa makamo. Alivaa suti, na juu ya suti akajifunga blanketi. Ndani mle baridi ilikuwa na harufu ya chuma, na barafu iling'aa mbele yetu nyeupe na tulivu kama ukurasa ambao sijaandika kitu. Kisha wanaume wakaingia juu ya viatu vyenye visu na kuanza kuuchana.

Mchezo wenyewe ni kukimbiza kidude cheusi cha mpira, bapa kama chapati ndogo, hadi kwenye goli la mwenzako. Hata hivyo, nilichokuwa nasikia zaidi ni kumbo. Mtu anakuja kasi, anamgonga mwenzake kwa bega, na ukuta wa kioo unalia kama kabati la vyombo lililoangushwa. Kila ukilia, Mzee Salvatori alisema pole.

"Kumbo ya bega iko sawa, Mzee," Njoroge alimweleza, "bora jamaa awe na hiyo kitu. Lakini ukimgonga na nyuma, ama kwa kichwa, hiyo ni noma."

Hakumaliza. Mchezaji wa upande wa pili, mwenye ndevu za mvi, alimgonga kwa nyuma kijana mdogo wa timu ya Darren, uso ukaenda moja kwa moja kwenye kioo. Darren akaingia. Alimwendea yule mwenye mvi polepole, wakaambiana neno, wote wawili wakatupa glavu chini. Wakazungukana kidogo. Kisha kila mmoja akamshika mwenzake jezi kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili wakaanza kuchapana.

Waamuzi walisimama kando wakitazama.

"Mais, lakini hawa mapolisi wanangojea nini?" aliuliza Mzee Salvatori.

"Wanangoja mmoja aanguke, Mzee."

"Na hii watu wote wanashangilia?"

"Wamelipia kiti."

Shangazi alikuwa amejifunika uso kwa mtandio, ila jicho moja lilibaki nje likifanya kazi. Mimi nilikumbuka nilichotumwa, nikautafuta uso wa Darren. Hasira sikuiona. Alikuwa na uso wa fundi anayepandisha kabati ghorofani, mwenye wasiwasi wa kona tu. Mwenye mvi alipoteleza, Darren aliacha kupiga papo hapo. Wakapelekwa kila mmoja kwenye kibanda chake cha adhabu, wakakaa nyuma ya kioo wakihema, kama watoto waliokatazwa kutoka nje.

"Huko kwao Canada wamepunguza hii story," alisema Njoroge. "Timu kubwa siku hizi zinataka msee wa mbio, si wa ngumi, na madaktari wanauliza maswali ya vichwa. Wasee kama Darren wakakosa job. Ndio akaja huku, tumpende sisi."

Mchezo ulipokwisha Mzee Salvatori hakuinuka. Alisema kwao watu wakipigana hadharani, hawaachwi walale na jambo lile. Hunyweshwa chombo kimoja mbele ya wazee. Yeye ni mzee, na amewaona.

"Mzee, hao hawajakosana," alisema Njoroge.

"Nimewaona na macho yangu. Leta Fanta."

Tukanunua Fanta chupa kubwa. Mzee akachukua mirija miwili pale kaunta, akakunja blanketi begani kama joho, tukamfuata kwenye korido hadi chumba cha kubadilishia nguo. Alibisha kwa fimbo.

Darren na adui yake walikuwa wamekaa kwenye benchi moja, kila mmoja na mfuko wa barafu shavuni, wakila chipsi kwenye karatasi moja. Jamaa wa mvi aliitwa Greg. Mzee Salvatori hakubabaika. Alitoa hotuba nzima kuhusu damu, majirani na watoto watakaozaliwa, na Njoroge akaitafsiri akiwa ameuma shavu kwa ndani. Kisha wale wanaume wawili, wamevimba na uchi hadi kiunoni, wakainamisha vichwa juu ya chupa moja, kila mtu na mrija wake, wakanywa hadi Mzee alipotosheka.

"Mnapenda hii? Wiki ijayo mnakunywa tena," alisema.

Tulicheka wote. Greg, mtu mchangamfu, akamgeukia Shangazi na kumwuliza ametoka nchi gani. Tanzania, alijibu. Greg akasema safi sana, akatusimulia jinsi yeye na Darren wanavyovua samaki pamoja. Akamwuliza Shangazi ametoka nchi gani. Shangazi akajibu Tanzania, kwa sauti ile ile ya mara ya kwanza, bila kuonyesha chochote. Tulipokuwa tunaaga, Greg alimshika mkono kwa heshima na kuuliza, "Na wewe mama, nyumbani ni wapi?"

Garini, tulipouona mnara wa stesheni, Shangazi alinigeukia.

"Nawaogesha watu wa namna ile kila siku," alisema. "Lakini wangu wamepita miaka themanini."

Jumapili, baada ya ibada. Tulikaa rasmi: ugali, sombe ya majani ya muhogo, na Darren katikati ameshika magoti. Mzee Salvatori aliomba sala ndefu. Nami, kwa mamlaka ya Baba mkubwa, nikauliza swali nililobebeshwa: je, unapiga?

Darren alifikiri kwa uaminifu. "Sijawahi kumpiga mtu ambaye hajavua glavu," alisema.

"Kaka," alisema Evelina, "tukigombana anakwenda kuosha gari. Gari letu ni safi kuliko yote mtaani. Muulize Njoroge."

"Linang'aa mpaka najiuliza wanaishi aje," alisema Njoroge.

Nilikuwa naridhika. Nilishaanza kutunga ripoti yangu kichwani, na ilikuwa nzuri. Ndipo Shangazi akaweka kijiko chini.

"Kijana, mimi sikuulizi kama unapiga. Wewe umepigwa mara ngapi? Kichwani."

Darren alicheka. Akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha, akaanza upya. "Sikumbuki, Mama."

"Hilo neno nalisikia kazini kila siku," alisema Shangazi. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Wanalisema wakinitazama usoni, na watoto wao wamekaa pale kitandani. Mimi nimeshazika mume. Binti yangu sitaki awe mjane wa mtu aliye hai. Mahari yangu ni moja: usipigane tena. Mengine utaongea na kaka yangu."

"Nisipopigana hawana haja na mimi," alisema Darren. "Kucheza sijui."

"Hapo amesema ukweli mtupu," alisema Njoroge. "Juzi goli lilikuwa wazi, akarusha hiyo kidude ikampiga refa."

Darren aliinuka akatoka uani. Dirishani tulimwona amesimama kwenye kamba ya nguo, katikati ya sare za Shangazi zilizopepea, mtu mkubwa kiasi kile asiyejua aweke wapi mikono yake. Evelina hakumfuata. Alikaa ameushika ukingo wa meza mpaka kucha zikawa nyeupe. Sombe ilipoa.

Aliporudi alisema, "Nitamwambia kocha kesho."

Alhamisi, siku ya kuondoka. Nilipita ukumbini kuaga. Kocha alikuwa amemtoa kikosini bila maneno mengi, lakini dereva wa ile mashine kubwa ya kulainisha barafu alikuwa ameacha kazi, na Darren akapewa usukani. Nilimkuta akizunguka taratibu, akiacha nyuma yake njia ya maji yenye kung'aa. Wenzake walipoingia na timu ya Greg na kuanza kupigana kumbo, alizima mashine, akasimama langoni ameegemeza paji la uso kwenye kioo. Greg alikula ngumi mbele yake. Darren alikaza midomo, akarudisha mikono mifukoni. Evelina, juu kwenye viti, hakuwa anatazama mchezo kabisa. Alikuwa anaitazama ile mifuko.

Kasulu tena. Nilimweleza Baba mkubwa kila kitu, hata Fanta. Nilikuwa nimetumwa kuutazama mkono, na mimi mtunzi wa watu niliutazama mkono kwa bidii yote, hadi mwanamke wa shifti za usiku akanionyesha kwamba mkono ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa anaisha kidogo kidogo. Tangu nirudi nimefuta sura mbili za riwaya yangu. Wapigaji wake wote walikuwa hawaumii.

Baba mkubwa alisikiliza amefumba macho.

"Sasa anafanya kazi gani?"

"Anaendesha mashine, kama trekta. Wachezaji wakiikwaruza barafu, anapita kuisawazisha."

"Akishaisawazisha?"

"Wanaikwaruza tena."

"Naye?"

"Anarudi anaisawazisha."

"Halalamiki?"

"Sikumsikia."

Baba mkubwa alifumbua macho, akamtazama mkewe aliyekuwa anachambua maharage mlangoni, kisha akanitazama mimi.

"Huyo yuko tayari kuoa," alisema. "Mpigie shangazi yako."