Mataruma Yalipopasuka, Nilimtazama Shemeji

Kosa ni langu, na msinitafutie kisingizio, maana vyote nimeshavitafuta mwenyewe. Nilimwita shemeji yangu mwizi wa saruji, tena mbele ya vijana aliowafundisha kazi.

Mimi hupima mataruma, yale magogo ya zege yanayolazwa chini ya reli. Taruma huwekwa juu ya vikalio viwili vya chuma, mashine inaligandamiza kutoka juu polepole, nasi tunasubiri ufa. Ukitokea mapema, taruma halifai. Chuo kikuu kilinifundisha kutilia shaka vitu. Kutilia shaka watu nilijiongezea mwenyewe, bila cheti.

Shemeji, mume wa dada yangu, alisimamia umiminaji wa zege kwenye karakana moja ya mataruma hapa Moshi. Siku moja taruma lake la kwanza lilipasuka kabla ya wakati. La pili vilevile. La tatu likalia kama kuni kavu.

Kichwani sikuona zege. Niliona banda lake la ng'ombe kule Mwika, na sakafu mpya ya saruji, laini kuliko ya sebule yangu katika mtaa wa Soweto hapa Moshi. Jumapili iliyopita tu nilikuwa nimekunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, juu ya sakafu ile na kuisifu! Sasa nikajiuliza, saruji ile ilitoka wapi?

Nilimfuata karakana. Hata pembeni sikumvuta.

"Shemeji, humu mmepunguza saruji kiasi gani?"

"Kupunguza? Mangi, kapime tena," akasema, akiniita kwa heshima yetu Wachagga.

"Na sakafu ya banda?"

Vijana waliacha makoleo. Shemeji akanitazama.

"Kumbe ng'ombe wangu anakunyima usingizi. Umesoma mpaka umepitiliza."

Vijana wakacheka. Kicheko kile kilinichoma kuliko nyufa zote tatu. Nikaandika kwenye taarifa ya vipimo kwamba nashuku saruji imechakachuliwa. Akasimamishwa kazi.

Jumamosi akaja kwangu Soweto, ameshika jani la isale. Kwetu Uchaggani mtu akikuletea isale anaomba radhi, na kulikataa ni aibu kubwa.

"Nilikutolea maneno makali mbele ya watoto wa watu," akasema. "Yaishe, dada yako asikae katikati yetu."

Alisema wazi kabisa anaomba radhi kwa lipi. Lakini mimi, na mashaka yangu, nikasikia mtu anakiri wizi.

"Kwa hiyo umekubali," nikamwambia.

"Nimekubali nini?"

"Asiye na hatia angeleta isale ya nini?"

Alilitazama lile jani, akaliweka juu ya stuli, akatoka bila kuaga. Tangu siku hiyo dada yangu akaacha kupokea simu zangu.

Baadaye tukaletewa mataruma ya karakana nyingine ili tulinganishe. Nayo yakapasuka mapema. Mungu anisamehe, kwa muda nikawaza kwamba Kilimanjaro nzima inaiba saruji!

Ndipo nikainama kwenye mashine. Vikalio vilikuwa vimeachana mno. Nilivitanua mwenyewe nilipopima sehemu ya katikati ya taruma, nikasahau kuvirudisha nilipohamia sehemu inapokaa reli. Vikalio vikiachana hivyo, taruma hupinda zaidi na kupasuka mapema, hata liwe zima. Jambo hilo nimewahi hata kulifundisha.

Nikarudia vipimo. Mataruma ya shemeji yalivumilia yote. Nikafuta taarifa yangu, akaitwa kazini. Akagoma. Alisema hawezi kufanya kazi mahali ambapo kila akitoka getini vijana watamtazama mifuko.

Nikachuma isale, nikapanda Mwika. Dada alinifungulia mlango bila salamu.

"Saruji ya sakafu niliinunua mimi, kwa pesa za maziwa ninayouza," akasema. "Ungeniuliza."

Shemeji alilipokea jani, kwa kuwa desturi haikumwachia njia nyingine. Tukaketi bandani, ng'ombe akicheua pembeni, mbege ikaletwa. Kwa aibu nikainamisha uso, macho yakaangukia sakafu ile ya saruji.

"Shemeji," akaniuliza taratibu, "hapo unaona haya, au unaikagua?"

Sikuwa naikagua. Naapa sikuwa naikagua. Lakini nilishajua kwamba hataniamini, na sikuwa na mashine ya kumthibitishia.

Ndugu zangu mnaolipwa kutilia shaka, kabla ya kumtazama mtu usoni, inameni kwanza mtazame vyuma mlivyovipanga wenyewe. Mimi nimechelewa. Siku hizi nikifika kwenye banda lile hutembea nikitazama juu, hata nikikanyaga mavi ya ng'ombe.