Majina tisa kwa list yake, na mtoto wangu nyuma ya Prisca

Wakuu, salamu kutoka Kosele.

Kuna zile kalkuleta za kuongea. Ukibonyeza namba, sauti ya mwanamke inaisoma kwa Kizungu, polepole, kama inakuonea huruma. Hiyo sauti iko kwa masikio yangu mpaka leo: divided by, nine, equals, five hundred.

Mkipata chumvi kwa hii story, niiteni mwongo hapa hapa.

Mimi ni msusi hapa sokoni, na siku moja nitakuwa na salon ya vioo vitatu, mtaona. Nina msichana mmoja, Akinyi, miaka sita. Baba yake ni broker wa ng'ombe kule Ogwedhi. Alipotuacha alioa msichana Mkuria, wakapata watoto wawili.

Sasa shule ikaanza kumrudisha Akinyi nyumbani saa sita kwa sababu sijalipa lunch. Elfu moja kwa mwezi. Mtoto anatembea na jua kuja kula nilichonacho, siku zingine hakuna, anarudi darasani vile alivyokuja.

Hapo ndipo nikaenda ofisi ya watoto, nikamweleza madam afisa.

Jamaa akaitwa. Akaja na mke wake, amevaa gumboots zenye mavi ya ng'ombe ndio madam ajue yeye ni maskini. Jameni. Huyu mtu hata mazishini huvaa viatu vya kuchongoka.

Lakini mapato hakudanganya. Mwezi mzuri ni elfu tisa. Madam akasema nusu ibaki naye aishi, nusu igawiwe wanaomtegemea. Akamwambia awataje.

Jamaa akatoa karatasi, alikuwa ameiandika kwao. Majina tisa.

Mama yake, sawa, ndiye nyanya ya mtoto, dani ni dani. Ndugu zake wawili, mmoja ana ndevu kumshinda. Mjomba. Binamu. Prisca. Watoto wa Ogwedhi, Robi na Chacha. Halafu huko chini kabisa, kama aliyechelewa register, Akinyi wangu.

Kalkuleta ya madam ikasema yake. Mia tano. Mtoto ale mpaka Jumatano halafu afunge?

Nilikuwa karibu kulia, lakini madam alikuwa bado anasoma. Akauliza Prisca yuko darasa gani, na mbona hajaandikiwa umri.



Akauliza tena.

"Prisca ni ng'ombe," mke wake akasema.

Ng'ombe, wakuu.

Jamaa akaanza kueleza ati bado anamalizia mahari, wakwe wa Kuria hawana mchezo, Prisca anafugwa apelekwe huko, na anakula na kudungwa sindano, kwa hivyo naye anamtegemea. Alisema hivyo uso umekazwa. Kwetu hakuwahi kupeleka hata mbuzi kilema.

Mama Robi, ndiye huyo mke, alikuwa ameketi kama mtu yuko kanisani. Akamgeukia.

"Baba Robi, ni baba yangu alikwambia ng'ombe ale kabla ya Robi? Watoto wanakunywa chai ya rangi, Prisca anakula molasi. Mwambie madam ni nani alikutuma."

Hakuna aliyemtuma. Mtu ambaye sokoni anaongea mpaka fahali anakubali bei, sasa anaangalia gumboots.

Madam akashika kalamu. Watu wazima wakafutwa, dani aangaliwe kutoka ile nusu ya jamaa. Prisca akapigwa mistari miwili. Wakabaki watoto watatu, elfu moja mia tano kila mmoja.

Si utajiri. Lakini Akinyi sasa anakula saa sita na wenzake.

Nilichojifunza: kuwa na kidogo si aibu. Aibu ni kukusanya ukoo mzima na zizi, ujifiche nyuma yao. Dada zangu, list ikiletwa, ulizeni kila jina lina miguu mingapi.

Na nyinyi mtakaokuja hapa kuniambia mahari ni heshima, karibuni, lakini anzeni kwa kusema watoto wenu wamekula nini leo. Wale mmepitia hizi ofisi, mligawiwa vipi?

Ah, na kitu kingine. Tukiachana stage, Mama Robi aliniachia namba yake. Nikabaki peke yangu nimeshika simu, sijui niandike jina gani. Kwetu mke mwenza huitwa nyieka, na hilo neno limezaliwa na wivu.

Nikaandika Nyieka. Nikafuta.

Nikaandika Dada Ogwedhi, nikasave.