Kuchonga Mashua, Kutafuta Upanga

Mwanangu, wewe uliyewaacha wako nyumbani kama mimi zamani, nakumbuka Jumamosi moja ya mwaka 2017, siku niliyomshonea binti yangu gauni la mtoto. Nilikuwa fundi cherehani mtaa wa Troyeville, Johannesburg, bado nina ubishi wa ujana. Neema nilimwacha Bukavu akiwa na miaka saba, kwa mama yangu, ambaye yeye alimwita koko. Mama alipofariki, nikamleta Johannesburg. Alikuwa ametimiza kumi na sita. Nami nikamshonea gauni la utepe kiunoni, kama lile alilolipenda zamani, na nikamkataza hata kuvuka barabara peke yake kwenda spaza kununua mkate.

Alilikunja lile gauni taratibu, akaniambia, "Papa, nilimuuguza koko miezi minane. Ni mimi niliyemfumba macho. Huyo mtoto unayemtafuta, mimi simjui."

Nilimwita mkaidi. Siku tatu hatukusemezana, na mkiishi chumba kimoja, mwanangu, hakuna pa kukikimbia kimya.

Jumanne nikaenda Newtown kununua uzi kwa Mama Lin, Mchina mtu mzima aliyewahi kuwa na duka Lubumbashi miaka mingi, Kiswahili chake cha kulekule. Nikamlalamikia, nikitaka anionee huruma. Akaniuliza kama nayajua maneno manne ya kwao: ke zhou qiu jian. Chonga mashua, tafuta upanga. Zamani sana, alisema, zaidi ya miaka elfu mbili, mtu wa nchi ya Chu alikuwa akivuka mto, upanga wake ukatumbukia majini. Akachonga alama ubavuni mwa mashua, pale ulipoangukia. Mashua ilipotia nanga, akazama chini ya ile alama kuutafuta. Mashua ilikuwa imesogea, upanga haukusogea. Msomi wa kale aliitumia hadithi hiyo kuwaonya watawala walioshikilia sheria za mababu ilhali nchi imebadilika. Siku hizi huambiwa yeyote anayeng'ang'ania jana, hata mwenye duka anayeagiza vitambaa visivyovaliwa tena.

Kisha akasema, "Papa Neema, miaka tisa imepita. Wewe unamtafuta mtoto pale ulipomwacha."

Uchovu wa miaka yote tisa ukaniangukia palepale dukani.

Jioni nikamwomba Neema anieleze mama yangu alivyokufa. Alieleza kidogo, akimenya viazi, bila kunitazama. Mengine hajaniambia mpaka leo, na huenda hataniambia. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Ukomavu wake uliundwa nami sipo, na maji yakimwagika hayazoleki.

Mwanangu, mtu uliyekaa mbali naye usimpokee kwa kumbukumbu. Muulize amepita wapi. Muulize mapema, kabla hajachoka kusubiri kuulizwa. Ukishajibiwa, nyamaza, hata kama jibu linakuuma.

Mungu akutangulizie masikio kabla ya kinywa. Na wale uliowaacha nyumbani, akuhifadhie wakiwa hai mpaka muonane. Amina.