Kompyuta Nane

Tulikuwa watu kumi na mmoja katika kozi ile ya Jumamosi, wote tukitaka kuwa walimu wa shule za hapa Maryland, na wawili tu ndio tuliowahi kushika chaki. Mimi nilifundisha Nyeri miaka tisa kabla ya kuja Silver Spring kuogesha wazee wa watu. Mwenzangu alikuwa mama wa makamo kutoka Bukavu. Alifundisha miaka ishirini na miwili, vita vikamtoa, na sasa alikuwa akikunja mashuka ya hospitali. Kozi ilikuwa na jambo moja tu: namna ya kumfundisha mtoto kwa kompyuta. Ukifaulu, unapelekwa shuleni kufanya mazoezi ya ualimu. Ukianguka mara mbili, unatolewa kwenye mpango, kwisha habari. Yule mama alikuwa ameshaanguka mara moja.

Nilijitolea kumfundisha, na sitadanganya kwamba ilikuwa huruma tupu. Nilipenda kuonekana najua. Nikitoka kazini nilipitia kwake Hyattsville, tunakaa mezani jikoni, sombe, kisamvu cha kwao, iko motoni, nami napandwa na hasira kabla hata haijaiva. "Mama, bonyeza! Haiumi!"

"Pole pole, dada," ananijibu bila kuinua macho. "Hii kitu ikikasirika, mi nitaijibu nini?"

Kila hatua aliiandika kwenye daftari: bonyeza hapa, ngoja, angalia juu kulia. Aliandika kwa wino wa bluu na kupiga mstari kwa rula. Nilimcheka, haki ya Mungu nilimcheka. Lakini wiki iliyofuata nilikuta amerudia somo lile lile mpaka anaweza kulifanya huku akiongea na simu. Wiki ya nne akanionyesha kitu ambacho sikumfundisha. Alikuwa ametafuta kijito kinachopita nyuma ya shule tuliyopangiwa kwa mtihani, akakifuata kwenye ramani ya picha zilizopigwa kutoka angani, kona kwa kona, mpaka kinapoungana na mto mkubwa na kushuka baharini. Hilo ndilo lingekuwa somo lake. Profesa wetu wa kozi alilisifu mbele ya wote. Langu alisema ni safi tu, basi.

Siku ya mtihani kila mmoja wetu alipewa nusu saa na watoto ishirini na wanne wa darasa la nne. Profesa aliketi nyuma na fomu yake ya kutoa alama. Kila anayefundisha alikuwa na mwenzake wa kumsaidia, na sisi wawili tulisaidiana.

Nilianza mimi. Kila mtoto na kompyuta yake, kila mtoto na vyake vya kusikilizia masikioni. Darasa likatulia kimya, nikavimba kichwa. Nilipouliza swali, hakuna aliyenyoosha mkono. Msichana mmoja wa dirishani alikuwa amelaza kichwa mezani tangu mwanzo. Profesa alitikisa kichwa kukubali, akaandika, nami nikakaa pembeni nikiwa nimeridhika.

Kisha mama akafungua lile kabati la magurudumu tulimorudisha kompyuta. Akatoa moja, mbili, tatu, hadi nane. Akafunga kabati, ufunguo akautia mfukoni mwa sketi.

Ngai! Mstari wa kwanza kabisa wa fomu ulisema kila mwanafunzi atumie kompyuta yake mwenyewe. Tulikuwa tumeusoma pamoja pale jikoni. Nikaelewa papo hapo kilichompata, kwa sababu hata mimi nilifundisha hivyo: vitabu vinakaa kabatini chini ya kufuli, unatoa vichache, vichwa vitatu vinainamia kitabu kimoja. Mikono yake ilihesabu yenyewe, jinsi ilivyozoea.

Nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwake. Neno moja la Kiswahili lingetosha, na hakuna mtu mwingine mle ndani ambaye angeelewa. Akanitazama. Nikanyamaza. Nitasema kama ilivyokuwa: kuna sehemu yangu iliyofurahi.

Akawapanga watatu watatu. Mmoja kwenye kompyuta, mmoja anasoma majina kwa sauti, mmoja anachora kijito kwenye karatasi. Akipiga makofi mawili wanabadilishana. Weh, kelele zilizozuka! Watoto walibishana maji yanapindia wapi. Yule msichana wa dirishani alisimama juu ya miguu yake miwili akidai kijito kinapita nyuma ya nyumba ya bibi yake, na wenzake hawajui kitu. Mama alipita katikati yao, mikono nyuma, anainama hapa, anauliza pale, hana haraka hata kidogo. Nimeona walimu wengi, na huyu alikuwa mwalimu. Nilimwonea wivu mpaka nikasahau kumwonea wivu.

Watoto walipotoka kwenda kucheza, profesa alimuuliza zile kompyuta nyingine kumi na sita zilifanya nini kabatini.

Mama akageuka, akalitazama kabati, akaweka mkono mdomoni. "Mungu wangu," akasema. "Nilisahau niko Amerika." Kisha akamweleza kwa Kiingereza chake cha taratibu kuhusu shule yake na vitabu vyake vinane. Hakuomba ahurumiwe. Profesa akaikunja fomu, akasema majibu yatakuja Ijumaa.

Sikulala vizuri wiki ile. Ijumaa mama akanipigia simu akilia na kucheka kwa pamoja. Alikuwa amepata sifuri kwenye mstari wa kwanza, na alama zote kwenye mistari mingine iliyobaki. Amefaulu. Tena profesa anataka Jumamosi alionyeshe darasa letu zima la kozi jinsi alivyowapanga wale watoto.

Tulikwenda kula samaki Silver Spring kusherehekea. Katikati ya chakula akanishika mkono.

"Dada, siku ile nikifunga kabati nilikuangalia. Ukanyamaza. Nikasema ndani ya roho, basi iko sawa. Kama ni kosa, dada yangu angeniambia."

Nikarudisha tonge sahanini. Nikamwambia yote, bila kupamba: kwamba niliona, kwamba nilijua, kwamba nilifurahi.

Aliuondoa mkono wake, taratibu. "Ningerudi kwenye mashuka," akasema. "Mpaka nizeeke."

"Najua, mama."

Hakuniambia amenisamehe, wala sikuthubutu kumwomba. Alimaliza samaki wake mpaka mfupa, akanawa, akaniuliza kama Jumamosi nitakuja kumsaidia kubeba kompyuta. Nilifika saa nzima kabla yake.