Kemikali Yenye Mkia

Shuleni niliishia kidato cha nne, ila kemia niliipenda. Hata sasa, nikichaji simu za watu kwenye kibanda changu hapa Katesh, huwa najiona nimevaa koti jeupe la maabara. Rafiki yangu wa Gendabi, mtoto wa wafugaji anayebebea wageni mizigo mlimani Hanang, aliniita daktari. Nilikuwa navimba kichwa.

Mgeni mmoja alimwachia vikaratasi vidogo vyenye picha za maua, akamwandikia na jina la dawa iliyomo.

"Anasema ukilamba unaona rangi. Daktari, sitafungwa kweli?"

Nikatafuta kwenye simu. Ni kemikali ya kutengenezwa maabara, ndugu wa LSD, ile dawa ya kulevya inayomfanya mtu aone visivyokuwepo. Tofauti yao ni atomu chache zilizobandikwa pembeni, kama mkia. LSD imekatazwa. Hii ya mkia sikuiona kwenye orodha.

"We, ng'ombe mwenye alama nyingine sikioni utasema ni wako?"

"Thubutu! Nipigwe?"

"Basi na sheria ni hivyo hivyo. Hii ina alama yake, mkia, na haimo kwenye orodha. Kaa kwa amani."

Akaondoka anacheka. Mnadani akampa mwenzake kimoja. Mwenzake akakilamba, akakumbatia ndama wa watu, analia, hataki kumwachia, mpaka askari wakafika. Nasikia rafiki yangu aliwaeleza bila wasiwasi: "Afande, hii ina mkia, haimo." Askari akamjibu kwamba sheria inaangalia na ukoo, siyo jina tu. Vikaratasi vikapelekwa kupimwa, naye akabaki mahabusu.

Ndipo nikausoma ule ukurasa hadi chini. Mwilini mkia unakatika, inabaki LSD yenyewe. Na mfugaji gani hajui kwamba kumchanja ng'ombe sikio hakumbadilishii mama? Nilichukua mfano wa kwao nikampotosha nao.

Jina langu hakulitaja. Afadhali angelitaja.

Leo asubuhi mama yake amekuja kibandani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe umesoma. Twende kituoni ukawaeleze kwamba hakujua."

"Mama, mimi ndiye niliyemwambia haina shida."

Alinitazama, kisha akatazama barabara, akakaza shuka lake begani.

"Basi ukaseme hayo hayo."

Nikawarudishia watu simu zao, nyingine hazijajaa, nikafunga kibanda.