Jina la Bibi Kwenye Mpunga

Kazi yangu ni kugombania majina. Mimi na wenzangu wa nchi mbalimbali tunakutana kwenye kompyuta kuamua jeni za mimea, yaani vinasaba, ziitweje. Jeni moja inaweza kuwamo kwenye mpunga, mahindi na mtama, ikifanya kazi ileile, lakini kila aliyeiona akaipa jina lake. Mmoja kaiita kwa herufi, mwingine kwa jina la mbwa wake. Mwanafunzi akitafuta anadhani ni vitu vitatu. Sisi tunasema hapana: jeni moja, jina moja, na linalobaki ni lile lililotangulia.

Nilikuwa mkali kweli kweli. Nilifuta majina ya watu huku nakunywa chai, roho kwatu. Kisha ikafika zamu ya jeni yangu.

Niliipata kwenye mpunga, jeni inayofanya punje zishike suke hadi mvunaji afike. Nikaipa jina la bibi, mama yake baba, aliyelima majaruba ya mpunga kule Kihurio maisha yake yote na hakuwahi kuachia kitu wala mtu, awe mwizi wa maji au mgeni anayetaka kuondoka bila kula. Mama alifurahi kupita kiasi. Kila Jumapili, baada ya ibada, sadaka za ndizi na kuku zikinadiwa nje ya kanisa letu la Vudee, milimani, hakosi mtu wa kumwambia: "Mama mkwe wangu yumo ndani ya huo mchele mnaokula."

Sasa wenzangu wakaonyesha kwamba jeni hiyohiyo ilishaonekana zamani kwenye mahindi, na ina jina lake. Nilibisha. Nilitoa hoja ambazo angezitoa mwingine ningemcheka. Mwishowe nikakubali pamoja nao, nimenuna.

Nikapanda Vudee kumwambia mama mwenyewe. Nilimwambia Jumapili tukitoka mnadani, yeye kabeba ndizi alizonunua. Alisimama katikati ya njia.

"Wamemfuta mama mkwe?"

Sauti yake iliniumiza. Nilitamani ningekaa kimya.

"Hawajamfuta, mama. Jina kuu ndilo limebadilika. La kwake linawekwa chini, ili mtu akilitafuta aipate jeni ileile."

"Nionyeshe."

Nikaandika jina la bibi kwenye simu. Mtandao wa milimani ukazunguka weee, nami sikuwa nimejaribu mwenyewe. Ukurasa ukafunguka. Juu lilikaa jina la mahindi, herufi na tarakimu tupu. Chini, kwa maandishi madogo, yakafuata majina mengine ya jeni hiyo, na la bibi likiwamo.

Mama aliisogeza simu mbali na macho, akalisoma taratibu.

"Kwa hiyo Mchina huko kwao akimwita, anaitika?"

"Anaitika, mama."

"Na wa mahindi je, akimwita?"

"Anaitika vilevile. Hata wa mtama. Sasa ni jeni moja kote."

Akafikiri kidogo. Uso ukaanza kukunjuka, nami nikapumua.

"Yaani alikuwa na mpunga peke yake, sasa wamemwongezea mahindi na mtama?"

Alinitwika ndizi zake, akajifunga kitenge vizuri, akageuka kurudi mnadani mbiombio kabla watu hawajatawanyika.