Siku Niliyokataa Kuonja Juisi Yangu Mwenyewe

Kovu hili kwenye mdomo wangu wa juu, watu hudhani ni la vita. Huwa nawaacha wadhani hivyo. Miaka ile hapa Gisenyi kila nyumba ilikuwa na mwenye kovu, na ukisema lako umelipata kwenye sherehe ya kuombwa binti, kwa kibuyu cha juisi ya ndizi, utaonekana unawadharau waliokatwa mapanga. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Na mtu wa kwanza kukosea siku ile nilikuwa mimi, ingawa hilo nimelikubali nikiwa mzee tu.

Binti mwenyewe alikuwa mtoto wa kaka yangu mkubwa. Kaka na mke wake waliuawa siku moja, kwenye ukumbi wa nyumba yao. Ule ukumbi niliuosha mimi, basi, inatosha. Binti alikimbia na watu wakavuka mpaka, akapotelea msituni huko Kongo. Mvua zikanyesha, zikakatika, zikanyesha tena, sijui kama ni mzima. Ndipo nikaweka nadhiri: Mungu akinirudishia huyu mtoto akiwa hai, siku atakayoombwa nitafunga, sitatia kitu kinywani mpaka jua lizame. Sikumwambia mtu. Nadhiri ukiitangaza inakuwa kama unajisifu.

Akarudi. Mifupa mitupu, na shimo la risasi kwenye paja limeziba vibaya. Katika nyumba yote ya kaka yangu alibaki yeye tu. Nikamlisha uji wa mtama mpaka mashavu yakarudi, nikamfundisha kufuma. Alikuwa na vidole vyepesi, lakini kila alipofuma alikaa ameelekea mlango, na bunduki ikilia upande wa Kanzenze alihesabu kimya kimya kisha akaendelea pale pale, bila kukosa tundu.

Kijana aliyemtaka alikuwa fundi cherehani mjini. Yeye alikuwa ameshasilimu, lakini ukoo wake wa Nyakiriba ulikuwa watu wa kanisa, na baba yake alikuwa amekufa, kwa hiyo aliyekuja kuomba ni baba yake mkubwa. Mzee mrefu, fimbo nene, koti la suti juu ya sweta. Akikataa yeye, hakuna ndoa. Na binti wetu, mwenye paja lile na asiyekuwa na baba wala mama, alikuwa ameshakataliwa mara mbili. Wa pili walisema wazi: huko msituni nani anajua alikuwa mke wa nani. Kwa hiyo siku ile haikuwa ya kucheza.

Sherehe wakati huo tulizifanya mchana mweupe, maana giza lilikuwa la wenye bunduki. Hema tulilishona kwa shiti za buluu, turubai za kambi za wakimbizi. Moja ilikuwa na matundu ya risasi, nikayazibia maua ya kitambaa chekundu, wageni wakasema, ah, mapambo mazuri. Viti tuliazima mitaa mitatu. Kila kiti tukakitandikia kitambaa cheupe alichofuma binti mwenyewe, miezi minne ya kazi. Ndizi zililetwa kutoka Nyamyumba, tukazifukia zikaiva, tukazikanda kwa nyasi mpaka zikatoa maji yake matamu. Pombe haikuingia kwetu, sisi ni Waislamu, lakini juisi ile hata mlevi angeisifu. Kaka yangu mdogo, ambaye kazi yake ni kuchinja sokoni, alichinja mbuzi watatu tangu alfajiri.

Mimi nilipika nimefunga. Watu hawaelewi kazi hiyo. Vitunguu vikianza kuwa vyekundu kwenye mafuta, mate yanajaa mdomoni kama umechapwa. Chumvi alinionjea kaka yangu. Mengine nilipika kwa pua.

Sasa sikiliza kosa langu. Huku kwetu mtu hampi mgeni kinywaji bila kukionja mbele yake. Aliyekitengeneza anapiga funda moja, mgeni anamtazama koo lake likishuka, ndipo kibuyu kinapita. Ni heshima, na ni woga pia. Sumu imezika watu wengi kwenye milima hii, au watu wanaamini hivyo, na ni yale yale. Desturi hii nilizaliwa nikaikuta. Nikajiambia kaka yangu ataonja badala yangu. Nilidhani koo ni koo.

Basi wageni wakakaa, wakasalimiwa, kibuyu kikaja. Kaka yangu akaonja, akampa mzee. Mzee hakukipokea.

"Nani alitengeneza hii juisi?"

"Dada yangu huyu," kaka akajibu, kwa majivuno kabisa.

"Bon. Basi yeye njo aonje."

Nikapiga magoti mbele yake. "Mzee wangu, nisamehe, leo nimefunga."

"Umefunga? Ramazani ilishaisha, kila mutu anajua. Unafunga nini siku ya mbuzi na pilau?"

Mgeni mmoja nyuma akatania: "Mupishi mwembamba, mumuogope!" Wakacheka. Mzee hakucheka. Aliweka fimbo yake kati ya kibuyu na kijana wake, na mimi badala ya kuona woga niliona dharau tu.

"Ni siri yangu na Mungu," nikasema. Maneno mabaya kuliko yote niliyoweza kuchagua.

"Siri?" Akasimama. "Ndugu yangu, baba ya huyu kijana, alikunywa kwa watu, kwenye sherehe kama hii. Walimurudisha amebebwa kwa machela, anatapika damu. Na yule mupishi pia alikuwa na siri. We mama, kunywa!"

Akakinyakua kibuyu akanisukumia mdomoni kwa nguvu za mtu aliyesubiri miaka. Nilisikia jino likikatika kabla sijasikia maumivu. Mdomo ukapasuka mpaka puani, kitambaa kilichokuwa kwenye kiti cha karibu kikawa chekundu.

Kaka yangu alikuja na mwiko wa pilau, ule mrefu kama kasia, akampiga mzee begani. Mzee akageuka na fimbo, akamvunja kaka mfupa wa bega. Ulilia kama kuni kavu. Hapo watu wote wakasimama. Viti vile vya kuazima vikawa silaha. Nilimwona mama mmoja wa Nyakiriba, mtu wa rozari shingoni, akimburuta jirani yangu kwa nywele juu ya sinia la viazi. Kijana, yule bwana harusi, alimkumbatia mzee kutoka nyuma akilia, "Baba, acha! Baba, naomba, acha!" na mzee akampiga kwa kisogo kwenye pua.

Na mimi? Nitasema, maana nimeshakuwa mzee na wa kunihukumu yuko karibu. Nilienda kwenye sufuria ya mchuzi iliyokuwa inatokota, nikachota upawa mzima, nikammwagia mzee miguuni. Sikuteleza. Nililenga. Alianguka akipiga yowe ambalo nilikuwa nimelisikia mwaka wa kuuawa kaka yangu mkubwa, na nilifurahi. Kwa muda wa kupepesa jicho nilifurahi.

Kaka yangu mkono mmoja ulikuwa umekufa, wa pili ukachomoa kisu cha kuchinjia. Akamwekea mzee goti kifuani, na kisu shingoni.

"Nimechinja mbuzi tatu leo," akasema polepole. "Ya ine haiko shida."

Kelele zikakatika. Ndipo binti akatoka ndani, vazi lake la sherehe, umushanana wa rangi ya dhahabu, likiburuta kwenye wali uliomwagika. Bibi harusi hatoki mpaka aitwe. Alitoka. Akachuchumaa kwa ule mguu mbovu, akashika makali ya kisu kwa kiganja kilichopakwa hina, akafunga ngumi. Damu ikashuka hadi kwenye kiwiko. Baba yake mdogo hakuweza kuvuta kisu bila kumkata vidole, akakiachia.

Binti akanitazama. Hakuwa analia.

"Shangazi, kunywa."

"Mwanangu, hujui..."

"Kama ni sumu, tukufe wote, tupumuzike. Kama si sumu, kunywa, niolewe. Mi nimechoka kuangalia watu wanakufa kwenye ukumbi."

Jua lilikuwa bado juu ya ziwa, labda saa kumi. Nilibakiza saa mbili tu za nadhiri niliyoiweka kwa ajili ya uhai wake. Nikafikiria: nikiivunja, Mungu atamchukua tena? Nikafikiria pia kwamba nisipoivunja, nimeshamchukua mimi mwenyewe.

Nikaokota kibuyu. Kilibaki na kiasi cha bakuli. Nikanywa yote, damu na ndizi, kisha nikatia mkono kwenye pilau nikala tonge, nikala la pili, nyama nikaitafuna upande wenye meno. Mzee alikuwa chini, soksi imegandamana na ngozi, ananitazama koo. Watu wote wakaningoja nife. Ningekuambia tulingoja muda gani, lakini sikuwa na saa. Kijana aliwahi kuziba pua yake na kuosha uso.

Mwisho mzee akanyoosha mkono. "Leta."

Tulijaza kibuyu kingine. Nikaonja. Akanywa. Akasema, akiwa amelala vile vile, "Ng'ombe tutatoa." Ndivyo binti wetu alivyoombwa, na ndivyo alivyoolewa. Hakuna aliyepiga vigelegele.

Wageni walikimbilia nyumbani kabla ya giza, lakini mzee hakuweza kukanyaga, akalala kwangu. Mwalimu wa madrasa nilipomweleza, aliniambia kafara ya kuvunja nadhiri ni kulisha maskini kumi. Nikamuuliza kama mtu niliyemuunguza mwenyewe anahesabiwa. Akasema, "Ana chakula kingine?" Nikasema hana. "Basi anahesabiwa."

Tisa nilikuwa nimeshawalisha kwa pilau iliyosalia. Wa kumi alikuwa yeye. Kila asubuhi nilimpelekea uji, nikaonja kwanza mbele yake, mdomo wangu uliovimba ukiuma kila nikigusa kijiko. Nilimfunga miguu kwa vitambaa vyeupe vya binti, maana bandeji hazikupatikana. Hatukuombana msamaha. Siku moja tu, wakati nambandua kitambaa kilichoshika kidonda, aliuliza ile siri ilikuwa nini, nikamwambia. Akaninyooshea mguu wa pili, nikaufunga.

"Ungesema tu, mama," akasema.

"Nawe ungeuliza tu, mzee."

Kesho yake nilipoleta uji, nikainua kijiko nionje kama kawaida. Akanipokonya bakuli mikononi, kwa hasira kabisa, akanywa hadi chini bila kunisubiri, na kumbe ulikuwa bado wa moto, ukamchoma ulimi.